Hesabu ya Msimu wa Mpira: Wanawake wa Barcelona, 2021 mpaka 2022

Leo tuna somo la kusoma hesabu. Kiongozi wa kikundi awe karibu na ubao, chaki mkononi, na kila mmoja wenu awe na karatasi na kalamu ya risasi. Aliyesahau kalamu aketi na mwenzake.

Tutazungumza habari za mpira wa miguu. Akina mama, msiondoke, kwa maana wachezaji wetu wa leo ni wanawake watupu. Ni wanawake wa kilabu cha Barcelona, katika nchi ya Hispania, nao hucheza mpira kama kazi, kwa mshahara. Tutasoma msimu wao mmoja tu, ulioanza Septemba 2021 ukaisha Mei 2022. Katika msimu ule walicheza michezo 30 ya ligi, wakashinda yote 30. Hawakufungwa hata mmoja, wala hawakutoka sare. Hata hivyo kombe kubwa kuliko yote waliyogombea mwaka ule liliwaponyoka. Mtu akisikia hivyo huuliza, "Hii hesabu gani?" Basi ndiyo hesabu tutakayoifanya.

Tuanze na ligi. Ligi ya wanawake ya Hispania ilikuwa na vilabu 16. Kila kilabu hucheza na kila mwenzake mara mbili: mara moja nyumbani, mara moja ugenini. Barcelona hawawezi kucheza na Barcelona, kwa hiyo toeni 1 katika 16, inabaki 15. Zidisheni 15 kwa 2. Mmepata 30. Hiyo ndiyo michezo ya ligi kwa kila kilabu.

Sasa pointi. Anayeshinda hupata 3. Wakitoka sare kila mmoja hupata 1. Anayeshindwa hapati kitu. Kiongozi, andika ubaoni mstari huu mmoja, maana ndivyo unavyoandikwa katika magazeti:

Barcelona: michezo 30, kushinda 30, sare 0, kushindwa 0, mabao ya kufunga 159, mabao ya kufungwa 11, pointi 90.

(Kimya kidogo ili vikundi viandike.)

Watu wengi wakiona mstari kama huo gazetini huuruka, wakaenda kutazama picha. Usiuruke. Soma kutoka kushoto, tarakimu moja baada ya nyingine. Pointi 90 zimetoka wapi? Ni 30 mara 3. Haiwezekani kupata zaidi ya hapo. Halafu chukua 159, utoe 11. Inabaki 148. Hiyo huitwa tofauti ya mabao. Tena gawanya 159 kwa 30: utapata 5, na 9 zinabaki. Yaani walipoingia uwanjani walifunga zaidi ya mabao 5 kwa kila mchezo. Bibi Asisat Oshoala, mwanamke wa Nigeria, alifunga 20 katika ligi, akawa sawa na Bibi Geyse wa Brazili aliyechezea kilabu kingine, Madrid CFF. Hao wawili ndio waliokuwa wa kwanza kwa kufunga.

Tarehe 13 Machi 2022 Barcelona waliwafunga Real Madrid mabao 5 kwa 0, wakawa mabingwa siku ile ile. Lakini michezo 6 ilikuwa bado! Watakuwaje mabingwa kabla ya mwisho? Fanyeni hesabu. Michezo 6 mara pointi 3 ni 18. Yeyote aliyekuwa nyuma yao, hata kama angeshinda yote iliyobaki, angeongeza 18 tu. Barcelona walikuwa wamekwisha tangulia kwa zaidi ya hapo. Basi hakuna aliyeweza kuwafikia.

Mtu atauliza nguvu hizo zilitoka wapi. Zilitoka katika miguu, ni kweli, lakini zilitoka katika mfuko vilevile. Tangu 2015 kilabu cha Barcelona kiliwafanya wanawake wake kuwa wachezaji wa kulipwa. Mtu anayelipwa mshahara wa kutosha huamka asubuhi akaenda mazoezini, mchana akapumzika, akila chakula cha kumtia nguvu. Asiyelipwa vya kutosha hutafuta kazi ya pili, na mazoezi huyafanya jioni akiwa amechoka. Vilabu vingi vya ligi ile havikuwa na fedha kama za Barcelona. Ndiyo maana mimi siioni ile 148 kuwa sifa tupu. Humo ndani mna ufundi mwingi, na mna tofauti ya mifuko pia.

Na hata huo mshahara haukuja wenyewe. Novemba 2019 wachezaji wa ligi ile waligoma. Jumamosi na Jumapili nzima viwanja vilikaa kimya, michezo yote 8 haikuchezwa. Walikuwa wakitaka mkataba wa kazi kama wafanyakazi wengine. Februari 2020 mkataba ulitiwa sahihi. Kima cha chini kiliwekwa kuwa yuro 16,000 kwa mwaka kwa mchezaji wa kazi nzima, na mkataba ukasema pia habari za uzazi na za mchezaji anayeumia. Gawanyeni 16,000 kwa 12 mjue ni kiasi gani kwa mwezi. Nitawasubiri.

(Kimya kidogo.)

Ni 1,333, na kidogo kinabaki. Kwa maisha ya Hispania hizo hazikuwa fedha za kitajiri. Lakini ziliandikwa katika karatasi yenye sahihi, na mwenye kujua kusoma aliweza kuionyesha.

Sasa tuondoke katika ligi, twende katika kombe. Hapa hesabu inabadilika, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Wakati Barcelona wakicheza ligi ya nchini kwao, walikuwa wakigombea pia kombe la mabingwa wa Ulaya. Kombe hilo katika hatua zake za mwisho halikusanyi pointi. Timu mbili hukutana mara mbili, mabao ya siku zote mbili yakajumlishwa, na aliyepungukiwa anakwenda nyumbani. Katika robo fainali walipangiwa Real Madrid wale wale. Mjini Madrid Barcelona walishinda 3 kwa 1. Mchezo wa pili ulichezwa tarehe 30 Machi 2022 katika uwanja mkubwa wa Camp Nou.

Wanawake hawa kwa kawaida hucheza katika uwanja mdogo unaochukua watu 6,000 hivi. Januari 2021 walipata kucheza Camp Nou, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa korona hakuna mtazamaji aliyeruhusiwa. Walicheza mbele ya viti vitupu. Siku hii ya Machi viti vilijaa. Waliohesabiwa walikuwa 91,553. Tusome pamoja: elfu tisini na moja, mia tano hamsini na tatu. Alama ile ndogo hutenga maelfu na mamia. Kabla ya siku hiyo hesabu iliyokuwa ikitajwa siku zote ni watu 90,185, waliotazama fainali ya Kombe la Dunia la wanawake huko Marekani mwaka 1999. Tazameni ubaoni, ipi kubwa?

Mbele ya umati ule Madrid walitangulia, mabao 2 kwa 1. Kisha Barcelona wakaamka, wakamaliza kwa 5 kwa 2. Jumlisheni: 3 na 5 ni 8, 1 na 2 ni 3. Barcelona wakapita.

Nusu fainali ilikuwa na Wolfsburg wa Ujerumani. Tarehe 22 Aprili watu walirudi Camp Nou, safari hii 91,648, yaani 95 zaidi ya mara ya kwanza. Barcelona walishinda 5 kwa 1. Wiki moja baadaye, huko Ujerumani, wakafungwa 2 kwa 0, nayo ilikuwa mara yao ya kwanza kufungwa msimu ule. Lakini 5 na 0 ni 5, na 1 na 2 ni 3. Walishindwa mchezo, wakashinda hesabu. Mchezo wa nyumbani uliwaokoa.

Fainali haina mchezo wa pili. Ni siku moja, kwisha.

Ilichezwa Turin, Italia, tarehe 21 Mei 2022. Wapinzani wao walikuwa Lyon wa Ufaransa, kilabu kilichokuwa kimekwisha kulichukua kombe hilo mara 7. Barcelona walikuwa wakiwajua vizuri, kwa sababu mwaka 2019 walikutana nao katika fainali mjini Budapest, wakafungwa 4 kwa 1. Tangu siku ile walijifua. Mwaka 2021 walilipata kombe hilo kwa kuwafunga Chelsea 4 kwa 0. Sasa walirudi kwa Lyon wakiwa mabingwa wa Ulaya.

Dakika ya 6 Bibi Amandine Henry wa Lyon aliupiga mpira kutoka mbali, ukaingia. Dakika ya 23 Bibi Ada Hegerberg, mtu wa Norwei aliyekuwa amekaa nje karibu miaka miwili kwa kuumia goti, akafunga la pili. Dakika ya 33 Bibi Catarina Macario akafunga la tatu. Kapteni wa Barcelona, Bibi Alexia Putellas, alirudisha moja dakika ya 41. Kipindi cha pili Bibi Patri Guijarro aliupiga mpira akiwa karibu na katikati ya uwanja, akiona golikipa ametoka mbele. Mpira uliruka juu ya kila mtu ukagonga mtambaa wa panya. Mchezo uliisha 3 kwa 1.

Sasa fanyeni hesabu hii ya mwisho. Tuseme mchezo ule ungekuwa mmoja wa ile 30 ya ligi. Barcelona wangekosa pointi 3. 90 toa 3 ni 87, nao wangebaki mabingwa bila wasiwasi. Ligi ni kama daftari la muuza duka: siku mbaya huandikwa, lakini siku nzuri huifidia. Fainali haina daftari. Kwa hiyo mtu akikuambia timu fulani ndiyo bora, muulize kwanza, "Kwa hesabu ipi?"

Siku 8 baada ya Turin, tarehe 29 Mei, wanawake wale wale waliingia uwanjani tena, katika fainali ya Kombe la Malkia huko kwao Hispania. Waliwafunga Sporting Huelva 6 kwa 1.

Kazi ya kikundi: ligi moja ina vilabu 10, na kila kilabu hucheza na mwenzake mara mbili. Kila kilabu kitacheza michezo mingapi? Pointi nyingi kabisa zinazoweza kupatikana ni ngapi? Majibu tutayasoma wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.