Hitilafu za Njia katika Reli ya Mfano

Garimoshi la mfano linapozunguka juu ya meza, kisha likasimama ghafla au likaacha reli, mwenyewe huwa mwepesi wa kuilaumu injini. Huifungua, akaitia mafuta, akaifunga tena. Nayo husimama pale pale iliposimama kwanza. Mara nyingi kosa halimo katika injini bali katika njia. Kosa hilo huweza kugunduliwa kwa fizikia ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Ukubwa wa kosa dogo

Kipimo kitumikacho sana kwa reli za mfano huitwa HO. Katika kipimo hiki kila urefu hugawanywa kwa 87. Njia ya reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435 baina ya reli zake mbili. Ukigawanya kwa 87 utapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa njia ya HO. Basi ngazi ya nusu milimita penye kiungo cha reli za mfano ni sawa na ngazi ya milimita 43 hivi katika njia halisi. Hakuna mhandisi ambaye angeruhusu garimoshi la abiria lipite hapo kwa kasi.

Uzito nao hupungua kwa namna nyingine. Urefu, upana na kimo vikigawanywa kila kimoja kwa 87, ujazo hugawanywa kwa 87 × 87 × 87, yaani 658,503. Injini ya tani 66, kama ingeundwa kwa vitu vile vile, ingekuwa na gramu 100 tu. Injini halisi husaga uchafu ulio juu ya reli. Injini ya mfano huupanda uchafu huo, na magurudumu yake hayagusi metali. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza vipande vya metali nzito ndani ya injini hizo.

Kutenganisha sababu

Kabla ya kurekebisha lolote, ni lazima kuuliza: je, ni gari au ni njia? Behewa moja likiacha reli mahali pengi, ilhali mengine yanapita salama, kosa limo katika behewa hilo. Mabehewa mbalimbali yakiacha reli mahali pamoja, kosa limo katika njia. Alama iwekwe hapo kwa chaki.

Kisha mtu ainamishe kichwa hadi jicho lilingane na reli, atazame kwa urefu wake: kipindo na bonde vitaonekana. Kidole kikipitishwa polepole juu ya kiungo kitahisi ngazi ambayo jicho halikuiona. Kipande cha kadi ngumu kilichokatwa kwa upana wa milimita 16.5 kitaonyesha mahali ambapo njia imebana au imepanuka. Ngazi huondolewa kwa tupa laini, na bonde kwa kuweka karatasi chini ya mataruma.

Njia ya umeme

Katika mtindo wa zamani, ambao bado unatumika, reli hupewa umeme wa mkondo mnyoofu wa hadi volti 12. Mkondo hupanda kutoka reli moja kupitia magurudumu, huzungusha mota, kisha hushuka katika reli ya pili. Kila kiungo kilicholegea au kilichoingia kutu huongeza ukinzani.

Tuseme mota inahitaji mkondo wa ampea 0.5, na kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 6. Kwa Kanuni ya Ohm, volti zinazopotea hapo ni 0.5 × 6, yaani 3. Garimoshi hubakiwa na volti 9, nalo hupunguza mwendo.

Hapa vipimo huweza kudanganya. Voltimita ikiwekwa juu ya reli wakati hakuna garimoshi, huonyesha volti 12 hata ng'ambo ya kiungo kibovu. Pasipo mkondo, ukinzani haupotezi volti yoyote. Na mkondo upitao katika voltimita ni mdogo mno. Kwa hiyo balbu ya volti 12 iunganishwe kwenye reli hizo, ndipo kipimo kisomwe. Kiungo kikithibitika kuwa kibovu, waya ulehemiwe kutoka reli moja hadi nyingine. Uchafu ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti, si kwa msasa mkali, maana mikwaruzo huhifadhi uchafu mpya.

Hata hivyo, viungo vyote visilehemiwe. Reli za aloi ya shaba, zinki na nikeli zenye urefu wa mita 4 hurefuka kwa zaidi ya milimita moja joto likipanda kwa nyuzi 20, na mbao za meza hujaa na kusinyaa kwa unyevu. Reli zisipoachiwa nafasi hupinda.

Shule isiyo na reli ya mfano huweza kufanya jaribio hili kwa betri, balbu na waya zenye viungo vilivyolegezwa kwa makusudi. Mwanafunzi atafute kiungo kibovu kwa kupima, mkondo ukiwa unapita. Akizoea kutafuta sababu kabla ya kushika bisibisi, hatafungua tena injini isiyo na kosa.