Vyuma vya meno si hereni: Mzazi ajiulize haya kabla ya kumfunga mtoto

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

SIKU hizi si ajabu kukutana na kijana mwenye vyuma vya meno hapa Bujumbura. Utawaona Rohero, na hata huku kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi magari, wasichana wameanza kuviulizia kama wanavyouliza mtindo mpya wa kusuka nywele.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Vyuma hivi ni matibabu, tena ya muda mrefu. Anayeyaanza bila kujua mwisho wake anaweza kubaki na meno mabaya kuliko yale aliyokuwa nayo.

Nimelifuatilia jambo hili kwa sababu ya jirani yangu, ambaye ni fundi magari. Binti yake wa miaka 13 ana chonge mbili za juu zilizoota karibu na mdomo wa juu, zikachomoza mbele ya meno mengine. Shuleni wenzake wanamtania. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na mwaka huu amekataa kusimama mbele ya darasa kusoma.

Ushauri aliopewa baba yake mtaani ulikuwa mmoja tu: hizo chonge zing'olewe, ni kazi ya dakika chache na fedha kidogo. Alikuwa karibu kukubali. Mkewe ndiye aliyeshikilia kwamba waende kwanza kwa daktari wa meno, nami nikaombwa niwasindikize.

Chonge haing'olewi ovyo

Daktari alitueleza kwamba chonge ndiyo yenye mzizi mrefu kuliko meno yote. Ni nguzo ya pembe ya mdomo, na ndiyo inayodumu hata uzeeni, wakati magego yamekwisha kwenda zake.

Kosa la chonge ni moja: ya juu huchelewa. Huota mtoto akiwa na miaka 11 au 12, majirani zake wakiwa wamekwisha kukaa. Ikikuta nafasi imejaa hupanda juu, kama abiria aliyekuta basi limejaa akaning'inia mlangoni.

Na nafasi hujaaje? Mara nyingine mtoto amerithi taya dogo na meno makubwa. Mara nyingine jino la utotoni limeoza, likang'olewa mapema, na meno ya jirani yakasogea kuziba pengo. Mzazi anayesema jino la utotoni halina kazi kwa kuwa litang'oka tu, hajui kwamba jino hilo linamshikia nafasi mwenzake.

Jino linatembeaje?

Fundi wetu aliuliza swali la kifundi: jino limejengwa ndani ya mfupa, litanyooshwaje bila kuvunjika?

Jibu ni kwamba jino halikugandishwa kwenye mfupa. Limezungukwa na nyuzi nyembamba zinazolishika ndani ya shimo lake. Likisukumwa kidogo kidogo, mfupa wa upande linakoelekea humomonyoka, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Kwa hiyo jino husafiri pamoja na shimo lake, lakini kwa mwendo wa kinyonga: takriban milimita moja kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu unaharibu mzizi.

Ndiyo maana daktari hugandisha kibanio kidogo juu ya kila jino, akapitisha waya mwembamba unaotaka kurudi kwenye umbo lake la asili, na waya huo ukavuta meno taratibu. Nafasi ikikosekana kabisa, pengine hung'oa gego dogo lililo nyuma ya chonge, kisha chonge ikashushwa mahali pake.

Elimu hii si ya jana. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alikwisha kueleza utepe wa chuma wa kunyooshea meno. Mmarekani Edward Angle mwaka 1899 alitoa mgawanyo wa kasoro za kuumana kwa meno ambao madaktari wanautumia hadi leo.

Miaka miwili ya safari

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, pengine zaidi, na mgonjwa hurudi kwa daktari kila baada ya wiki nne hadi nane. Vyuma vikitolewa, kazi haijaisha: lazima avae kifaa cha kushikilia meno, la sivyo yatarudi yalikotoka.

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Vibanio na waya hutoka nje na hulipwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi yetu imekuwa na uhaba nazo kwa miaka mingi. Mafuta yakikosekana, hata kufika mjini ni shughuli. Wenye uwezo hutafuta tiba nje ya nchi, lakini fikiria aliyefungwa vyuma Kigali, kisha mpaka wa Rwanda ukafungwa Januari 2024. Waya ulibaki mdomoni, daktari ng'ambo ya mpaka.

Na vyuma visivyoangaliwa ni hatari. Chakula hunasa, meno huoza pembeni mwa vibanio, fizi huvimba. Hatari zaidi ni vile vya urembo visivyofungwa na daktari. Nchini Thailand, katika miaka ya 2000, mtindo huo ulihusishwa na vifo vya vijana, na serikali ikaingilia kati.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, ajue kwamba si kila jino lililopinda ni ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, uliwakuta asilimia 63.8 wana angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Wengi wa namna hiyo wanakula, wanasema na wanaishi bila shida. Mwanya wa mbele, wazee wetu waliuita uzuri.

Pili, ampeleke mtoto kwa daktari wa meno akifika miaka saba hivi, amzoeshe kupiga mswaki, na amwachishe kunyonya kidole kabla meno ya ukubwani hayajaanza kuota.

Tatu, asikubali mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha achokolewe fizi kwa madai ya "meno ya plastiki", kama waitavyo Tanzania, au "ebinyo" kama wasemavyo Uganda. Kinachotolewa ni chonge changa ya utotoni. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi, na waliopona wengine huota meno yaliyopotoka.

Nne, asianze kabla ya kuwa na uhakika wa kumaliza. Hakuna haja ya papara: hata mtu wa miaka 40 hunyooshwa meno, mradi fizi na mfupa ni vizima.

Jirani yangu ameamua hivyo. Chonge hazikung'olewa. Gego moja lililoanza kutoboka limezibwa, na kila Jumamosi anaweka kando sehemu ya mapato ya gereji. Hatafunga vyuma mpaka awe na fedha za safari nzima.

Binti hakufurahi, alitaka mwaka huu huu. Lakini alimsikia daktari akisema meno yake ni mazima na chonge zake ni mali, na tangu siku hiyo hataki tena kusikia habari ya kung'oa. Wazazi wenye watoto wa namna hii wasikubali koleo kwa sababu tu ni rahisi. Jino la ukubwani likitoka, halioti tena.