Kuchora njia za shaba kwa mkono: juu ya nini otomatiki haitoshi

Wandugu, siku hizi wengi kati yetu tunatengeneza vimashine vidogo vya kazi ya shamba: kapteri ya unyevu, pompi inayojiwasha yenyewe, taa ya kupasha vifaranga moto. Sehemu ya programu watu wanaielewa haraka. Sehemu ya plaki njo inawashinda. Mtu anaweka vipande mu KiCad, anaachia programu ya otomatiki ichore njia zote, kontrole inasema hakuna kosa, halafu plaki ikifika inafanya mambo ya ajabu. Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo nitachukua mfano wa kwetu: plaki inayopima unyevu wa udongo mu pepinieri ya nyanya na kuwasha pompi ya volti 12 inayokula ampere 2.

KiCad ni programu ya bure. Iliandikwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras, mwalimu kule Grenoble, tangu 1992. Kisha watu wa CERN, ile maabara kubwa ya Geneva, wakaingia na kuongeza kitu muhimu sana kwa habari yetu ya leo: ukichora njia moja, inasukuma zile zingine pembeni bila kuzikata. Juu ya hiyo, kuchora kwa mkono si mateso tena kama zamani.

Ukifungua plaki, unaona vipande vimeungana kwa nyuzi nyembamba zilizopishana ovyo. Wafaransa wanaziita nywele, na kweli zinafanana na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kila uzi unasema tu: mguu huu na ule lazima viungane. Hausemi ni kuranti ngapi itapita, wala kama ni kuranti ya kelele ao ya kimya. Na otomatiki inasoma zile nyuzi na sheria ulizoipa, basi. Kama hukuiambia kitu, kwake njia ya pompi na njia ya kapteri ni kitu kimoja.

Tupige hesabu. Shaba ya plaki ya kawaida ina unene wa mikroni 35. Kwa unene huo, kila kipande cha mraba cha njia, kiwe kikubwa ao kidogo, kina rezistansi ya karibu nusu ya miliohmu. Chukua njia ya upana wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 50: ni miraba 200, maana yake ohmu 0.1. Inaonekana si kitu. Lakini pitisha ndani ampere 2 za pompi: unapoteza volti 0.2 mu ile njia peke yake.

Sasa, kama ile njia njo masi, yaani njia ya kurudi kwenye negatifu, na kapteri nayo inarudia pale pale, basi pompi ikiwaka, masi ya kapteri inapanda volti 0.2 juu ya masi ya mikrokontroleri. ATmega328P ikipima kwa volti 5 inagawanya katika hatua 1024, hivi kila hatua ni kama milivolti 4.9. Volti 0.2 ni hatua 41 za uongo. Na zile kapteri za kapasitivu za bei ndogo zinatoa volti nyingi zaidi udongo ukiwa mukavu. Unaona fasi mambo yanaelekea: pompi inawaka, plaki inaamini udongo ni mukavu kuliko vile uko, pompi inaendelea. Maji yanazidi, vijidudu aina ya Pythium vinafurahi, miche inaoza kwenye shingo na kuanguka. Mwenye pepinieri atalaumu mbegu. Atalaumu udongo. Hakuna atakayefikiri kamstari ka robo ya milimita.

Kwa hiyo mimi naanza na vipande, si njia. Nusu ya kazi ni kuvipanga vizuri. Konekta ya pompi, mosfeti na diodi yake vikae upande mmoja, karibu na fasi batiri inaingilia, ili kuranti kubwa izunguke mu kaduara kadogo na isitembelee plaki yote. Kapteri ikae upande mwingine. Mikrokontroleri katikati. Kondansateri ya nanofaradi 100 iwe mlangoni kabisa pa miguu 7 na 8 ya ATmega, si sentimita tatu mbali juu eti kule kulikuwa nafasi. Kwarsi nayo iguse karibu miguu 9 na 10.

Kisha njia. Unabonyeza X kuanza, V kushuka upande wa chini kupitia katundu, na D kuvuta njia iliyokwisha kuchorwa. Ninaanza na zile fupi na ngumu: kwarsi, kondansateri. Halafu zile nene za pompi. Upana wake usikisie, KiCad ina kikokotoo chake ndani. Kwa kanuni ya IPC-2221, njia ya juu ya plaki, joto likiongezeka digrii 10 tu, inaomba karibu milimita 0.3 kwa ampere 1, na karibu 0.8 kwa ampere 2. Ile ya 0.25 tuliyoiona, kwa ampere 2, inaweza kupanda digrii zaidi ya 60. Mimi pompi ninaipa milimita 2 kama nafasi iko. Shaba isiyotumika si faida, inaenda kuyeyushwa mu asidi, na sisi watu wa Kongo tunajua shaba inatoka wapi.

Zile njia za taa na vibonyezo zije mwisho, hazina masharti. Kuhusu pembe, watu wanagombana sana kama kona ya digrii 90 ni mbaya. Kwa plaki ya aina hii hakuna tofauti utakayopima. Tumia 45 juu inapendeza na inaokoa nafasi, tusipoteze usiku hapo.

Masi ninaiacha upande wote wa chini kama shamba moja la shaba, na ninakwepa kulikata. Ukipitisha njia ndefu kule chini, unachimba mfereji katikati ya shamba, na kuranti inayorudi inalazimika kuzunguka. Kama lazima upite, pita kifupi kisha panda tena.

Kontrole ya mwisho ya KiCad inaangalia kama njia hazigusani na kama zote zimeungana. Ile pompi na kapteri zinazotumia masi moja nyembamba haiwezi kuikataa, kwake ni sawa. Fuata wewe mwenyewe kwa kidole: ampere 2 zinatoka wapi, zinarudi kupitia wapi, na nani mwingine anapita mu ile barabara.

Wanaotengeneza nyumbani na perkloriri ya feri wasishuke chini ya milimita 0.5 kwa njia na kwa nafasi kati yake, na wajaribu kuweka yote upande mmoja, vikipishana waruke na kawaya. Wanaoagiza kiwandani wanaweza kushuka zaidi, lakini mzigo unachukua wiki, na kosa linarudi mara tano juu kawaida wanatuma plaki tano. Kabla ya kutuma, piga plaki yako kwenye karatasi kwa kipimo cha moja kwa moja, na weka vipande vya kweli juu yake. Konekta ya pompi njo mara nyingi inakataa kuingia.