Jiwe la Kupimia: Somo kwa Mafundi wa Haneti

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea kaskazini hadi Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, hupita katika nchi ya mawe. Vilima vya matale, yaani jiwe ambalo wengi siku hizi huliita graniti, vimesimama katika uwanda huu wa kati tangu zamani zisizohesabika. Wataalamu wa miamba husema kwamba sehemu kubwa ya mawe hayo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Haneti yenyewe ina jiwe la kijani liitwalo krisopresi, ambalo rangi yake hutokana na madini ya nikeli, na wafanya biashara ya vito wa nchi za mbali hulijua jina la Haneti kwa ajili ya jiwe hilo.

Lakini liko jambo la kustaajabisha. Mawe yetu hutoka hali ni ghafi, na mashine hutujia hali zimekwisha kupimwa na wengine. Mashine ya kusaga nafaka ikiharibika, fundi wa kijijini huifungua, huitazama kwa jicho, huipapasa kwa kidole, kisha huifunga tena akitumaini mema. Akikosea, mama aliyebeba debe lake la mtama hana budi kungoja au kwenda mbali. Kinachokosekana mara nyingi si akili wala bidii ya fundi. Kinachokosekana ni kitu kimoja kilicho sawasawa, ambacho vitu vingine vyote vyaweza kulinganishwa nacho.

Kitu hicho katika karakana ni bamba la kupimia. Ni meza ndogo iliyosawazishwa mno, isiyo na bonde wala kilima. Zamani mabamba hayo yalikuwa ya chuma cha kalibu. Mwingereza Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Maudslay huko London, alieleza mbele ya wataalamu mjini Glasgow, mwaka 1840, namna ya kuyapata. Na hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana siri yake yaweza kueleweka na kila aliyekulia nyumba yenye jiwe la kusagia.

Mama zetu wanajua kwamba jiwe la chini, likisagiwa siku nyingi, hufanya bonde, na lile la juu huota mgongo. Mawe hayo mawili yanaoana vizuri kabisa, wala hakuna hata moja lililo sawa. Basi ukisugua vitu viwili tu hutajua kama ni sawa au vimedanganyana. Chukua vitatu. Linganisha cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza, ukikigeuza kila kimoja upande na upande, na kupunguza kila palipoinuka. Bonde laweza kupatana na mgongo, lakini bonde haliwezi kupatana na bonde, wala mgongo na mgongo. Vyote vitatu vikioana, havina njia nyingine ila kuwa sawa. Kwa hiyo usawa haukuletwa na mashine kubwa. Uliletwa na subira, na vitu vitatu vilivyokosoana.

Jiwe lilishika nafasi ya chuma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942, mjini Dayton katika jimbo la Ohio huko Marekani, chuma kilipokuwa adimu, bamba la kupimia lilitengenezwa kwa matale, katika karakana ya mtu aliyeshughulika pia na mawe ya makaburi. Ikaonekana kwamba jiwe lina sifa kuliko chuma. Halishiki kutu. Halivutwi na sumaku. Joto hulitanua kidogo kuliko chuma. Tena, likigongwa na kitu kizito, chuma huinua ukingo mkali unaoharibu kipimo, ambapo jiwe humeguka kibanzi tu, na mahali palipobaki huwa sawa kama kwanza.

Sasa, fundi mwenye karakana ya nyumbani atalipataje? Njia ya kwanza ni kununua. Mabamba haya hugawanywa kwa daraja. Kwa daraja za Kimarekani, AA ni ya maabara, A ni ya wakaguzi, na B ni ya karakana, ambayo huruhusiwa kukosa usawa mara 4 ya AA. Bamba la daraja B lenye sentimita 30 kwa 45 halizidi kukosea kiasi cha sehemu 5 za elfu ya milimita. Fundi wa mashine za kusaga na pampu za maji hahitaji zaidi ya hilo, wala asidanganywe na muuzaji alipie daraja la maabara. Lakini akumbuke uzito: bamba la ukubwa huo, lenye unene wa sentimita 10, lakaribia kilo 40, na mzigo wa namna hiyo hula fedha njiani.

Njia ya pili ni kununua lililokwisha tumika, kutoka karakana inayofungwa. Hapo atazame katikati, maana ndipo mafundi wengi hupimia na ndipo jiwe huchakaa. Njia ya tatu ni kipande kutoka kwa wachonga mawe wa majengo. Kipande hicho hung'aa kama kioo, lakini kung'aa si kuwa sawa. Jiwe laweza kung'aa na huku lina bonde. Lafaa kuchorea alama, lakini lisiaminiwe kwa kipimo cha mwisho kabla ya kulinganishwa na bamba linalojulikana. Kioo kinene nacho chafaa kwa kuanzia.

Likisha patikana, matunzo ndiyo ufundi wenyewe. Bamba huwekwa juu ya nguzo tatu, si nne. Kila mpishi ajua kwamba mafiga ni matatu, nayo hayatikisiki hata mahali pasipo sawa. Jiwe lenye miguu minne hupindwa na mguu uliozidi. Lisiwekwe mlangoni jua linapopiga, kwa maana uso ukipata joto kuliko tumbo, jiwe huinua mgongo. Kipimo cha dunia nzima hufanywa katika joto la digrii 20, na karakana yenye paa la bati huko Haneti hupita hapo mchana. Shafti ya chuma yenye milimita 300, ikizidi joto kwa digrii 10, hurefuka zaidi ya sehemu 30 za elfu ya milimita. Basi pima asubuhi, na uache chuma na jiwe vikae pamoja hata vipate joto moja.

Adui mwingine ni vumbi. Upepo wa Ugogo hauna simile, na chembe ya mchanga iliyo chini ya kazi huiinua na kuleta uongo. Pangusa bamba kila mara, lifunike kwa ubao, usigongee nyundo juu yake, usilisugulie msasa, usiliwekee kikombe cha chai.

Faida yake huonekana upesi. Kifuniko cha silinda kilichopindwa na joto hulazwa juu ya bamba, na fila nyembamba hupitishwa pembeni. Ikipenya, fundi ajua pa kusawazisha kabla hajaharibu gasketi nyingine. Paka bamba rangi ya bluu kidogo, lisugulie uso wa pampu, na palipoinuka patajionyesha penyewe. Fundi hasemi tena "nadhani", asema "nimepima".

Je, kila fundi anunue lake? Twaona si lazima. Bamba haliishi kwa kutumiwa vizuri, na mafundi watano wa kata moja, seremala wa vyuma, mtengeneza pampu, mwenye mashine ya kusaga na wenzao, waweza kuchanga na kuliweka mahali pamoja, chini ya mtunzaji mmoja. Nchi yetu iliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na sheria ya Shirika la Viwango ilipitishwa mwaka 1975. Vyombo hivyo ni vya wananchi, na fundi wa kijijini ana haki ya kubisha hodi na kuuliza ushauri wa vipimo sawa na mwenye kiwanda.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jiwe lililo sawa likiwa Dodoma mjini, na mashine iliyovunjika iko Haneti, mkulima atazidi kulipa nauli ya kosa ambalo lingeonekana kwa dakika kumi. Nchi iliyojaa matale kiasi hiki haistahili kukosa jiwe moja la kupimia.