Kompyuta ya Duka Lako Inasema Leo ni Tarehe Gani?

Hebu iangalie sasa hivi. Kama una duka, kemisti, agrovet au saiba pale Zombe, na una kompyuta ya mezani inayoweka rekodi za mauzo, tazama pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia. Kisha tazama simu yako. Je, tarehe na saa zinalingana?

Zikilingana, uko sawa. Zisipolingana, tafadhali usipuuze. Wateja wetu wengi wakiona ukurasa wa akaunti ya biashara umekataa kufunguka, jambo la kwanza ni kulaumu mtandao. Wananunua bando lingine, wanazima na kuwasha modemu, wanangoja. Kumbe wakati mwingine shida iko ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye betri ndogo ya mviringo inayofanana na sarafu.

Leo tunaeleza betri hiyo inafanya kazi gani, inavyoweza kuvuruga hesabu ya pesa zako, na jinsi ya kutunza mashine na mipangilio yake ya kuwaka.

Saa mbaya, hesabu mbaya

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Mteja amelipia mabati kupitia till saa nane na dakika ishirini mchana. Ujumbe wa simu unasema 2:20 PM na tarehe ya leo. Lakini kompyuta iliwaka asubuhi ikiwa imerudi tarehe 1 Januari ya mwaka uliopita zamani, na mauzo hayo yameandikwa hivyo.

Jioni unataka kulinganisha. Taarifa ya till inaonyesha malipo 40. Kompyuta inaonyesha mauzo 41 ya till. Nani alibeba bidhaa bila kulipa? Kwa kawaida ungefuata saa: uzo hili na ujumbe huu, uzo lile na ujumbe ule, mpaka umpate yule mmoja. Sasa huwezi.

Kesho yake mambo yanakuwa mabaya zaidi. Usiku ulizima soketi, kwa hivyo kompyuta inaanza tena kuhesabu kutoka tarehe ile ile ya zamani. Mauzo ya jana na ya leo yanakaa kama ya siku moja. Baada ya wiki, una rundo la mauzo yaliyochanganyika, na siku ya kutayarisha hesabu za kodi utakuwa unakisia.

Kwa nini tovuti zinakataa kufunguka

Kila tovuti salama, iwe ya malipo, eCitizen au iTax ya KRA, hubeba cheti cha kidijitali cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari chako hukilinganisha na saa ya kompyuta. Kama kompyuta inadhani tuko mwaka 2012, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana bado hakijaanza kazi, na mlango unafungwa. Kwenye Chrome unaweza kuona maneno "Your clock is behind", yaani saa yako iko nyuma.

Simu yako inafungua tovuti ile ile bila shida kwa sababu inapata saa kutoka kwa mtandao wa simu. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kulinganisha hivyo viwili.

Na hapa ndipo tunapoomba uwe makini zaidi. Mtu aliyezoea onyo hilo kila asubuhi huanza kubofya "endelea" bila kusoma. Siku moja onyo linakuja kwa sababu ya kweli, kwamba ukurasa ni bandia, naye anabofya tu kama kawaida na kuandika nywila yake. Saa ikiwa sahihi, onyo linarudi kuwa na maana. Kama saa iko sawa na onyo bado linatokea, simama hapo. Usiandike chochote.

Betri yenyewe

Ndani ya kompyuta, kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote, kuna betri ya duara. Nyingi zimeandikwa CR2032. Nambari hiyo ni vipimo: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati hakuna stima. Katika mashine nyingi za zamani, pia inashikilia mipangilio ya kuwaka.

Kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye stima, betri hii hupumzika. Lakini wengi wetu huzima soketi kila jioni, na ni vizuri, kwa sababu ya stima inayorudi kwa nguvu. Maana yake ni kwamba betri inafanya kazi usiku kucha, kila siku. Tena kompyuta nyingi za madukani, kama Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre, zilitumika kwanza kwenye ofisi za ng'ambo kabla ya kufika Kenya. Huenda betri iliyomo ina umri sawa na mashine.

Dalili ni rahisi kutambua. Saa inarudi nyuma kila ukiwasha. Dell inaweza kuonyesha maneno "Time-of-day not set", na HP nyingi "163-Time & Date Not Set". Ukirekebisha saa kwenye Windows leo na kesho imerudi tena, usiendelee kuirekebisha kila siku. Badilisha betri. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na nauli ya kubeba mashine hadi Kitui mjini.

Kabla ya kufungua mashine

1. Nakili rekodi za mauzo kwenye fleshi au diski ya nje.
2. Toka kwenye akaunti zote za malipo, na ufute nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari kama mashine inaenda kwa fundi. Fundi hahitaji PIN yako. Hahitaji pia nambari ya siri inayotumwa kwa SMS. Akikuomba, chukua mashine yako uende.
3. Ingia kwenye mipangilio ya kuwaka, yaani BIOS, na upige picha kila ukurasa kwa simu. Betri ikitolewa, baadhi ya mashine husahau mipangilio na kurudi ile ya kiwandani.
4. Angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker. Kama imefunga, hakikisha unao ufunguo wake wa tarakimu 48 umeandikwa mahali. Mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya iuombe.

Kubadilisha betri na kutoa vumbi

Zima kompyuta, toa waya wa stima kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama 10 ili mabaki ya umeme yaishe. Fungua ubavu wa mashine. Gusa chuma cha fremu kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu sehemu za ndani.

Betri imeshikwa na kikucha kidogo pembeni. Kisukume taratibu, nayo itainuka yenyewe. Weka mpya yenye nambari ile ile, upande wenye alama ya + ukitazama jinsi ile ya zamani ilivyotazama.

Ile ya zamani usiiache juu ya kaunta. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2 tu. Ikitokea, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kungoja.

Kwa kuwa umeshafungua, safisha. Upande huu wa Kitui Mashariki tunajua kiangazi: kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni adimu na vumbi la barabara linaingia mpaka ndani ya friji. Kwenye kompyuta, vumbi hukaa kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa. Joto linapanda, mashine inakuwa nzito, na mwishowe inajizima yenyewe katikati ya kazi.

Beba mashine nje ya duka. Tumia brashi laini na kipulizaji. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama mashine ilikuwa inakataa kuwaka na kupiga milio, toa vipande vya RAM na uvirudishe mpaka vikucha vifunge. Ukinunua RAM ya kuongeza, kumbuka DDR3 na DDR4 haziingiliani. Beba ile ya zamani dukani kama sampuli.

Mipangilio mitano ya kuangalia

Washa mashine na ubonyeze kitufe cha kuingilia BIOS mara kadhaa kabla Windows haijaanza. Kwenye Dell ni F2, kwenye HP ni F10, kwenye Lenovo ThinkCentre ni F1.

*Saa na tarehe.* Hapa wengi huteleza. BIOS huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, si kuanzia alfajiri kama tunavyosema kwa Kiswahili. Saa nane na dakika ishirini mchana andika 14:20. Saa mbili asubuhi andika 08:00. Angalia pia ukanda wa saa ndani ya Windows: uwe Nairobi, yaani saa 3 mbele ya UTC. Ukanda ukiwa mbaya, saa itahama hata kama betri ni mpya.

*Mpangilio wa kuwaka.* Huu huambia mashine itafute Windows wapi kwanza. Weka diski yako iwe ya kwanza. Kwenye saiba, wateja huleta fleshi za kuchapisha na kuzisahau. Kama USB ndiyo ya kwanza, asubuhi mashine inaweza kusema haioni mfumo. Kabla ya kuita fundi, chomoa fleshi zote uwashe tena.

*Stima ikirudi.* Tafuta "AC Recovery" kwenye Dell, au "After Power Loss" kwenye HP na Lenovo. Tunapendekeza uchague "Off". Stima mara nyingi hurudi, ikapotea, ikarudi tena. Mashine inayojiwasha kila mara inaweza kuharibu faili za mauzo.

*Nywila ya BIOS.* Mtu akiweza kuwasha kompyuta yako kwa fleshi yake, na diski haijafungwa, anaweza kunakili rekodi zako bila hata kujua nywila ya Windows. Weka nywila ya msimamizi na uzime kuwaka kwa USB. Iandike kwenye daftari lililo nyumbani, si kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye skrini. Ukiisahau, kuifungua ni kazi kubwa.

*Aina ya diski na njia ya kuwaka.* Hapa utaona maneno kama AHCI, RAID, UEFI na Legacy. Usiyabadilishe ovyo. Yanapaswa kubaki kama yalivyokuwa Windows ilipowekwa. Kama Windows imekataa kuanza baada ya kubadilisha betri, rudi kwenye zile picha za simu na urudishe kama ilivyokuwa.

Hifadhi, kwa kawaida F10, kisha mashine iwake upya.

Swichi ndogo nyekundu

Nyuma ya baadhi ya kompyuta, karibu na mahali pa kuchomeka waya, kuna swichi yenye 115 na 230. Kenya tunatumia stima ya volti 240, kwa hivyo iwe kwenye 230. Mashine iliyotoka Marekani ikichomekwa hapa ikiwa kwenye 115, pawa saplai inaweza kupasuka papo hapo. Iangalie kabla ya kuchomeka mashine yoyote uliyonunua mitumba. Na kama uwezo upo, weka UPS, ili stima ikipotea upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

- Kila asubuhi: linganisha saa ya kompyuta na ya simu kabla ya uzo la kwanza.
- Kila jioni: linganisha mauzo ya till na taarifa ya miamala. Tofauti ya leo ni rahisi kuipata leo, si mwisho wa mwezi.
- Kila wiki: nakili rekodi kwenye fleshi isiyokaa dukani.
- Kila miezi 3, na mwezi 1 wakati wa kiangazi: toa vumbi.
- Saa ikianza kurudi nyuma: CR2032 mpya, siku hiyo hiyo.

Je, tayari una siku kadhaa zilizoandikwa tarehe mbaya? Usizifute. Pakua taarifa ya till ya kipindi hicho, kisha linganisha kwa kiasi na kwa kodi ya muamala iliyo kwenye kila ujumbe wa malipo. Kodi hiyo haitegemei saa ya kompyuta yako. Kwa hivyo kuanzia leo, iandike kando ya kila uzo la till unapoliingiza. Hata saa ikipotea tena, pesa zako zitakuwa na njia ya kutambulika.