Udhuru Mbele ya Karani

Msomaji aliyelelewa pwani hahitaji kufundishwa maana ya udhuru, kwani tangu utotoni ameona jinsi mgonjwa, msafiri na mja mzito wanavyoruhusiwa kula mchana wa Ramadhani pasipo mtu kuwadai hati ya tabibu. Huko Marekani, ambako serikali huwapa maskini kadi ya kununulia chakula, uko udhuru wa namna nyingine, nao aghalabu haumfai mtu mpaka uandikwe.

Sheria ya mwaka 1996 iliamuru kwamba mtu mzima mwenye afya, asiye na mtoto wa kulea, asipotimiza saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi, asipewe msaada huo zaidi ya miezi 3 katika miezi 36. Wakatolewa katika taklifu hiyo waja wazito, na wote ambao mwili au akili yao haimudu kazi, kadhalika na wenye kumuuguza asiyejiweza. Mwaka 2023 wakaongezwa askari waliokwisha kutoka jeshini, watu wasio na makao, na vijana waliolelewa chini ya ulinzi wa serikali. Lakini sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 ikawanyang'anya hao walioongezwa udhuru wao, ikapandisha umri wa kulazimika kutoka 54 hadi 64, na mzazi ikambakishia udhuru maadamu mtoto wake hajatimiza miaka 14.

Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 60 aliyefagia vyumba vya hoteli maisha yake yote, na magoti yake leo hayampandishi ngazi. Kwa sheria ana udhuru. Ila barua ya kumtaka authibitishe imepelekwa nyumba aliyokwisha kuihama, na siku anapoweka mchele na maziwa mbele ya mwenye kupokea fedha dukani, kadi inakataa. Wataalamu waliopekua daftari za jimbo la Virginia waliona kuwa sharti hili la kazi liliwakosesha watu wengi msaada wa chakula, wala hawakuona dalili ya kuongezeka kwa ajira. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma iliyo dhahiri.

Basi nawasihi jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko huko, ambao wamekwisha kupata ukaazi wa kudumu, wasingoje kuulizwa. Kanuni yenyewe yasema kuwa udhaifu unaoonekana kwa macho hauhitaji hati, na usioonekana waweza kuthibitishwa kwa barua ya muuguzi au ya ofisa wa ustawi wa jamii, si ya daktari peke yake.