Miti imeota, je, makako wamerudi?

Tukimaliza kupanda miche tunaandika taarifa: miti elfu kadhaa, hekta kadhaa. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini inaonyesha tu tulipanda kiasi gani. Tukisema kwamba tunawarudishia wanyama makao yao, tunapaswa kuuliza tena: nani anakula, analala na kuzaa humo?

Kwa sisi wa Kindu swali hili liko karibu. Mwaka 2007, kule Opala, watafiti walikuta makako mchanga akifugwa nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula, wanasayansi hawakumjua. Walimtangaza mwaka 2012 kwa jina Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaundwa rasmi, katika Maniema na Tshopo. Humo wamo pia bonobo, ambao nje ya Kongo yetu hawaishi porini popote duniani.

Lesula hutembea sana chini, akitafuta matunda na mimea ya kivulini. Bonobo hula matunda pamoja na mashina ya mimea ya jamii ileile ambayo mama zetu hutumia majani yake kufungia shikwanga. Sasa tazama shamba la eukaliptusi: chini yake kuna nini cha kula? Miti hiyo inafaa kwa makala na mbao, na ikipunguza ukataji wa msitu mkubwa ni faida ya kweli. Lakini tusiiite makao ya bonobo.

Uganda wanayo mfano wa miaka mingi. Katika Hifadhi ya Kibale, watu waliokuwa wamelima kusini yake waliondolewa mwaka 1992 (jambo lenye uchungu wake), na kuanzia miaka ya 1990 miti ya kienyeji ilipandwa. Adui mkubwa alikuwa moto katika manyasi marefu. Moto ulipozuiwa, msitu ulianza kujirudia hata pale ambapo mkono wa mtu haukupanda, kwa mbegu zilizoletwa na ndege, makako na tembo. Hata kwetu, shamba likiachwa karibu na msitu, kombokombo hutangulia bila kitalu chochote. Mara nyingine kulinda kichaka kilichopo ni bora kuliko kufyeka ili tupande.

Kupima kunahitaji subira. Wanyama huhesabiwa kabla ya kupanda, kisha kila baada ya miaka michache, njia zilezile, na kulinganishwa na msitu mzima wa jirani. Bonobo hujenga kitanda kipya cha matawi kila jioni, basi watafiti huhesabu vitanda. Kamera za kujipiga zenyewe humwona lesula, ambaye ni mwoga. Makako akipita mara moja bado hajahamia. Mama mwenye mtoto, mwaka baada ya mwaka, ndiye ushahidi.

Hata hivyo msitu unaweza kuwa na kila tunda na kubaki kimya. Lomami haikosi miti; kinachowamaliza makako huko ni bunduki na mitego, na nyama hufika hadi masoko ya Kindu. Bonobo jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka minne au mitano hivi. Kwa hiyo anayekuja kutukagua vitalu vyetu akague pia sokoni, kwenye meza za nyama ya pori.